Shajara ya mradi: gazeti la ofisi, mfuko wa maua na kuagana vizuri kwenye ofisi ya ugavi wa jeshi, Rock Island 2024

Hii shajara naiweka kwa ajili ya Waswahili wenzangu mnaofanya kazi kwenye kambi za jeshi huku Marekani, wenye sare na sisi raia, maana tumeshakuwa wengi na kila anayefika anaanza moja. Naongeza kila hatua ikiisha. Ya kawaida nayapita haraka, palipokwama ndo nitakaa, na gharama nitaandika.

12 Januari: hali ilivyo

Kwa asiyepajua, Rock Island Arsenal ni kisiwa katikati ya mto Mississippi, upande mmoja Davenport ya Iowa, upande mwingine Rock Island na Moline za Illinois. Ekari 946, na jeshi lina karakana zake hapa kwa sheria ya bunge la Marekani ya mwaka 1862. Hapa ndo yalipo makao makuu ya Army Sustainment Command (kamandi ya ugavi ya jeshi), yenye jina hilo tangu 2006, na majirani zake mwaka huu wa 2024 ni First Army (kamandi inayoandaa askari wa akiba) na Joint Munitions Command (ya risasi na mabomu). Ofisi yetu ni moja ya ofisi za ugavi za kisiwani, jina lake naliacha kwa sababu wenzangu hawajaomba kuandikwa.

Kazi za ugavi wa namna hii ni pamoja na kuangalia akiba za vifaa ambazo jeshi limeziweka tayari mbali na nyumbani, Ulaya, Kuwait, Korea, nyingine ziko melini, ili askari akipelekwa huko akute gari na bunduki vinamsubiri. Kwa hiyo tumejaa watu wanaoweza kukwambia kifaa fulani kiko ghala gani nchi gani na kinahitaji matengenezo lini. Lakini Desemba iliyopita mwenzetu alifiwa na mama yake, akaenda kuzika, akarudi, na watu wakawa wanamuuliza kwenye korido likizo ilikuwaje, ulienda wapi, ulipumzika. Alijibu kwa upole wote. Mimi nilikuwa nimesimama pale na iliniuma sana, kwetu msiba wa mwenzako unaujua kabla hata hajakwambia, na hawa watu sio wabaya, hawakuambiwa tu.

Basi nikaongea na bosi, akasema endelea lakini kwa utaratibu. Mpango una vitu vitatu: gazeti dogo la habari za wafanyakazi kila mwezi, mfuko wa kahawa na maua (pesa tunazochanga za kahawa ya ofisi na za kuwapelekea maua wafiwa na wagonjwa), na shughuli chache za pamoja kwa mwaka.

9 Februari: ruhusa na sheria

Hapa usiparuke hata kidogo. Mtu akikwambia ni pesa ya kahawa tu inahitaji sheria gani, mwambie kwenye jeshi hata hiyo ina kifungu chake. Kanuni ya jeshi AR 600-20 inaruhusu mifuko midogo isiyo rasmi, na mfuko wa kahawa na maua umetajwa mle kama mfano. Masharti yanabebeka: mtu mmoja tu anashika pesa, anaandika hesabu na kutunza karatasi, na kila mwaka anamweleza msimamizi wake mfuko ukoje.

Ofisi ya sheria wana mwanasheria wa maadili, huduma yake bure, na ukimwendea mapema ni msaada mkubwa. Tulimpelekea mpango mzima kwenye ukurasa mmoja. Alivyotukatia ni hivi.

Bahati nasibu hapana. Tulitaka kuuza tiketi za dola moja, mshindi achukue kapu la vyakula, faida iende kwenye maua. Kumbe kucheza kamari ukiwa kazini au kwenye eneo la serikali kumekatazwa kwa wafanyakazi wa serikali kuu, na tiketi ya kapu nayo inahesabika kamari. Ikafutwa.

Zawadi kwa bosi, hapa wengi wa kwetu tunaumia kwa sababu tumezoea kuchanga na mchango una kiwango na kuna daftari na mwenye cheo anaangaliwa ametoa ngapi. Huku sivyo. Birthday ya bosi hamchangishani zawadi. Kuchanga kwa pamoja ni kwa matukio ya nadra, harusi, mtoto, ugonjwa, kustaafu, kuhamishwa, na hata hapo, kwa kanuni ya wakati huo, hukuruhusiwa kumwomba mtu zaidi ya dola 10, akitaka kuzidisha ni hiari yake. Jumla ya zawadi nayo ina ukomo, uliza kwenu. Na daftari la majina na kiasi usiliweke mezani watu walione, hapo hiari inakuwa imeshakufa.

La tatu ndo lilikuwa gumu. Kwenye chumba kimoja tunakaa raia wa serikali, wanajeshi, na wafanyakazi wa kampuni zenye mikataba. Hawa wa kampuni hatuwaombi mchango wa zawadi kabisa, kwa sababu kampuni inafanya biashara na serikali. Na wakija kwenye sherehe saa za kazi, zile saa kampuni haiwezi kuidai serikali kama kazi. Yaani watu mnaokula nao chumvi kila siku, kwenye sherehe wanakuwa na kikwazo. Suluhisho tulilolipata ni shughuli zote kuwekwa muda wa chakula cha mchana, mialiko iende kwa kila mtu lakini maombi ya mchango yaende kwa orodha tofauti, na kila wa kampuni aulize msimamizi wake mwenyewe.

Gharama mpaka hapa: sifuri. Muda: karibu mwezi mzima wa kusubiri majibu.

15 Machi: toleo la kwanza lilikwama, la pili likatoka

Rasimu ya kwanza ya gazeti ilikuwa na kurasa nne, nzuri, yenye orodha ya birthday, namba za simu za dharura, picha za watoto waliozaliwa, na kona ya safari ikisema fulani anaenda Kuwait tarehe fulani kwa wiki kadhaa. Ilirudi kutoka kwa wakaguzi imejaa wino.

Habari za mtu binafsi zinalindwa na sheria ya faragha ya 1974, kwa hiyo birthday huwezi kuichukua kwenye faili la ofisi ukaitangaza, lazima mwenyewe akupe. Tukatengeneza fomu ya nusu ukurasa: ninakubali siku na mwezi wangu viandikwe (mwaka hatuulizi, na hakuna anayeukumbuka), ninakubali picha, ninakubali mkiandika nikiugua au nikifiwa, na nani wa nyumbani atawapa ninyi habari hizo. Hilo swali la mwisho ndo bora kuliko yote, kwa sababu mtu akiwa kwenye shida hana nafasi ya kukaa aandike imeili kwa ofisi nzima.

Kona ya safari ikafa. Mtu akitangaza yuko nje ya nchi tarehe hii mpaka hii, anaenda kambi gani, umeshampa asiyehusika ratiba ya kazi ya jeshi na nyumba isiyo na mtu. Sasa tunaandika mtu akisharudi, na bila tarehe. Mmoja alirudi Powidz, Poland, akaandika aya mbili tu kuhusu supu waliyokuwa wananunua na baridi ya ghalani, ikasomwa kuliko tangazo lolote.

Kurasa nne zikawa mbili. Halafu tukagundua wengi hawafungui kiambatisho kwenye imeili, wanaogopa virusi kama walivyofundishwa kwenye mafunzo ya kila mwaka, kwa hiyo habari tukaziweka ndani ya imeili yenyewe, na nakala chache tunachapisha tunabandika jikoni juu ya sinki. Pale juu ya sinki ndo mahali, mtu anaosha kikombe anasoma.

26 Aprili: kahawa

Mfuko ulianza kwa dola 5 kwa mwezi kwa kila mtu, kahawa na maua humohumo. Haikudumu. Wanywaji wa soda wakauliza kwa nini walipe kahawa, na wana haki. Wengine walilipa wakanywa vikombe vinne kwa siku, wengine nusu kikombe Jumatatu tu.

Tukaitenganisha. Maua dola 2 kwa mwezi, hiari, kwa mfanyakazi yeyote wa serikali. Kahawa ni sanduku lenye tundu, senti 50 kikombe, hakuna mlinzi. Wiki za mwanzo sanduku lilikuwa na upungufu, tukadhani watu hawalipi, ila ukiangalia shida ilikuwa watu hawana sarafu, siku hizi nani anatembea na sarafu. Tukaruhusu mtu alipe dola 10 mwanzo wa mwezi aweke alama kwenye kadi kila akinywa. Upungufu ukaisha wenyewe.

Gharama: mashine ya kuchuja kahawa ya mitumba dola 25, kahawa ya unga, sukari na vikombe vya akiba kama dola 60 kwa mwezi. Na chai! Niliweka birika la umeme na majani na tangawizi, nikijua nitakunywa peke yangu. Sajini mmoja aliyezaliwa Kisumu alipita kutoka ofisi nyingine akanusa mlangoni, akaingia. Sasa anakuja kila Ijumaa na kikombe chake, na amewafundisha wenzake wa Iowa kuchemsha maziwa pamoja na majani badala ya kumimina baadaye.

14 Juni: birthday ya jeshi, na umeme kukatika

Jeshi la Marekani linahesabu kuzaliwa 14 Juni 1775, kwa hiyo mwaka huu limetimiza 249. Desturi ni keki kukatwa kwa upanga na askari mkubwa kuliko wote kwa umri akishika pamoja na mdogo kuliko wote. Ikaangukia Ijumaa, tukaamua kuunganisha na chakula cha mchana, kila mtu alete chake.

Hapa ndo naomba anayenakili asome polepole. Watu wa huku wakileta chakula kazini wanakuja na sufuria za umeme, zile za kupika taratibu, na wengine majiko madogo ya kuokea kuku. Saa tatu asubuhi meza imejaa, zote zimechomekwa kwenye waya mmoja wa nyongeza wenye matundu sita, pembeni kuna mashine ya kahawa na mikrowevu. Saa nne na nusu ofisi nzima upande wa mashariki ikazima. Taa, kompyuta, printa, na mtu alikuwa katikati ya simu na watu wa Korea.

Hesabu yake ni hii. Umeme wa huku ni volti 120. Breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 20 inabeba wati 2,400, na kwa kitu kinachokaa kimewaka masaa unatakiwa usizidi asilimia 80, yaani 1,920. Sufuria ya kupika taratibu inakula wati 200 mpaka 300, hizo hata tano zinakaa. Lakini jiko la kuokea linakula kama 1,450 peke yake, mashine ya kahawa inakaribia 1,000, mikrowevu zaidi ya hapo. Majiko mawili ya kuokea tayari umepita. Na matundu sita ya ule waya hayakuongezei umeme wowote, yanagawana breka ileile, halafu waya wenyewe ulikuwa umepata moto ukishika. Jengo ni la zamani na soketi za vyumba viwili zilikuwa kwenye breka moja, hatukujua mpaka siku hiyo.

Marekebisho: fundi wa jengo alitusaidia kuchora ramani, soketi ipi iko breka ipi, tumeibandika ndani ya mlango wa kabati. Majiko ya kuokea hayaruhusiwi tena, chakula kiokwe nyumbani kije kimefungwa kwenye taulo ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, linatunza moto vizuri tu. Waya wa nyongeza kwa vyombo vya kupikia hapana. Na kwa sababu umeme ulizima, ikabidi tupime chakula: chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kisipande juu ya nyuzi 4 au 5, na kilichokaa katikati zaidi ya masaa mawili kinatupwa. Sufuria moja ya maharage na saladi ya viazi zikatupwa, mwenye saladi alisikitika kweli maana aliamka alfajiri. Kipima joto cha jikoni dola 14, kinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kilichotuokoa ni sambusa. Moline kuna jamii kubwa ya Wakongo, wengi walikuja kama wakimbizi, na kuna mama mmoja anapika kwa oda. Nilipompigia wiki moja kabla aliniuliza, "Mwanangu, hawa watu wa jeshi wanakulaka pilipili?" Nikamwambia, "Mama, weka ile ya kuchovya pembeni, nyama isiwe kali." Akasema, "Basi nitatia mbili, ya wazungu na ya wanaume." Sambusa 100, dola 80, zilikuja za moto na ziliisha kabla ya keki. Keki yenyewe ilichelewa kwa sababu aliyekuwa nayo alitokea Davenport akakuta daraja la Government Bridge limegeuzwa kupisha matishari, yale mashua bapa ya mizigo. Daraja hilo ni la 1896, kipande chake kinazunguka chote, na msururu wa matishari ya mahindi ukishaingia kwenye lango la maji hauharakishwi. Kwa hiyo anayeleta kitu muhimu aambiwe apitie upande wa Moline.

19 Julai: karibu na kwaheri

Kiangazi ndo msimu wa uhamisho wa wanajeshi. Raia tunabaki miaka, wenye sare wanakaa miaka miwili mitatu wanaondoka, na ukizembea mtu anakuja na kuondoka hujamjua mke wake anaitwa nani. Jeshi lina desturi ya kukaribisha wapya na kuaga wanaoondoka kwenye shughuli moja, tukaifanya ukumbini, pizza ya huku inayokatwa vipande virefu virefu kwa mkasi, dola 130, kila mtu akalipia sahani yake.

Kilichokwama ni familia. Kisiwa kina mageti na mgeni asiye na kitambulisho cha kambi anakaguliwa kwanza kwenye kituo cha wageni. Wazazi wa mmoja wa wanaoagwa waliendesha gari kutoka Nebraska wakakaa kwenye foleni ya kituo mpaka hotuba zikaisha. Sasa tangazo letu linatoka wiki tatu kabla, lina kipande kikubwa juu kabisa kinachosema majina ya wageni yanatakiwa mapema, waje na kitambulisho gani, na mmoja wetu anakwenda kuwasubiri getini. Na hotuba hazianzi mpaka yule mtu wa getini apige simu.

Zawadi: ubao wa mbao wenye ramani ya kisiwa, dola 55, mchango wa waliotaka.

20 Septemba: ugonjwa

Mwenzetu amepata ugonjwa mkubwa, likizo yake imeisha. Maua yalikwenda, dola 45, na kadi. Lakini maua hayalipi kodi ya nyumba. Serikali kuu ina utaratibu wa wafanyakazi kuhamishia likizo yao ya mwaka kwa mwenzao mwenye dharura ya kiafya, akishathibitishwa kuwa atakosa angalau saa 24 za kazi bila likizo ya kulipwa. Wengi kwetu hawakujua upo, wengine walidhani ni kwa wakubwa. Kwa hiyo toleo la Septemba lilikuwa na kitu kimoja tu, ukurasa mmoja: fomu ipi, ipelekwe wapi, na mipaka yake. Unaweza kutoa mpaka nusu ya likizo unayoivuna kwa mwaka, huruhusiwi kumpa msimamizi wako wa moja kwa moja, na hakuna anayeruhusiwa kukushinikiza. Jina la mgonjwa tuliandika kwa idhini yake ya maandishi, ugonjwa hatukuutaja.

Saa zilianza kuingia siku ileile. Kuna waliotoa saa nne, kuna mzee anayekaribia kustaafu ambaye alikuwa na likizo ya kupotea mwisho wa mwaka akatoa nyingi. Mgonjwa amelipwa mshahara wake kamili mfululizo. Nikiambiwa nichague kitu kimoja kwenye mradi huu mzima na vingine vyote vife, nachagua ukurasa huo.

1 Novemba: wenzetu wa ng'ambo

Tuna watu Kaiserslautern ya Ujerumani, Kuwait na Korea ambao ni wa ofisi hii lakini wanapata habari zetu zikiwa zimepoa. Tuliwaandalia kikao cha video cha nusu saa, habari tu na kumuaga mmoja anayestaafu, Jumatano ya 30 Oktoba saa tatu asubuhi yetu. Tangazo likasema Ujerumani saa kumi jioni, kwa sababu siku zote wametutangulia masaa saba. Walipoingia sisi tulishafunga. Ulaya walirudisha saa nyuma 27 Oktoba, Marekani tunarudisha 3 Novemba, kwa hiyo kwa wiki hiyo tofauti ni masaa sita. Machi nako linatokea, na kwa wiki zaidi. Tumerudia kikao, na sasa kalenda ndo inatuma mwaliko, kompyuta inajipigia hesabu, hatuandiki saa za nchi kwa mkono.

Kuwait hawabadilishi saa, saa zao ni sawasawa na za Nairobi na Dar, kwa hiyo mimi nakumbuka kirahisi, muda ambao mama yangu hapokei simu kwa sababu ameshalala, ndo muda ambao nao wasisumbuliwe. Korea ndo wanaoumia, saa tatu asubuhi yetu kwao ni usiku wa manane au karibu yake. Tumekubaliana kikao kimoja kiwe asubuhi yetu, kinachofuata jioni yetu, ili asiwe mtu mmoja tu anayekesha kila mara.

13 Desemba: hesabu

Ripoti ya mfuko imepelekwa kwa msimamizi kama kanuni inavyotaka, ukurasa mmoja, risiti zimeambatishwa. Kahawa inajilipa. Maua yamebaki na dola 38, na yamekwenda kwenye misiba, wagonjwa na watoto wawili wapya. Gazeti halijala hata senti ukiacha karatasi za pale juu ya sinki.

Ambayo bado: fomu za idhini za wapya hazijarudi zote, ramani ya breka inahitaji upande wa magharibi, na mama wa sambusa ameomba oda ya Juni aambiwe mapema kwa sababu mwakani jeshi linatimiza 250 na kila ofisi itamtafuta. Mshika pesa anabadilika Januari, mwenzetu aliyefiwa mwaka jana amejitolea kuchukua, tumeshakabidhiana daftari na ufunguo wa sanduku.